Mbuzi Aliyetolewa Kabla ya Safari

Vijana wa biro, yaani ofisi ya klabu yetu ya ndege hapa Bunia, wameniomba niandike machache kabla sijasahau. Nimekubali, kwanza kwa sababu nimestaafu na mke wangu amechoka kuniona nikizungukazunguka uani, halafu kwa sababu wanadhani kazi ya mwandishi wa klabu ya ndege ni kupiga mhuri na kuwachemshia marubani kahawa. Habari za mshahara nitaziacha, mnazijua. Cheo changu nacho kilikuwa kilekile tangu siku niliyoingia mpaka siku niliyorudisha funguo.

Niliingia mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wazazi wangu walikuwa wametoka Butembo, tukapanga nyumba hapa Bunia, mtaa wa Mbunya, na mimi nilikuwa na Kifaransa cha shule na vidole vya kupiga mashine. Klabu ilikuwa na ndege mbili za injini moja, kibanda cha mabati pembeni mwa uwanja, na wanachama wasiojaza hata darasa moja la shule: wafanyabiashara wa kahawa, madaktari wawili, mapadri, na mtu mmoja wa Mongbwalu, kwenye machimbo ya dhahabu, ambaye biashara yake hakuna aliyemuuliza. Ndege hazikuwa za mtu mmoja. Kila mwanachama aliruka kwa zamu yake na kuchangia petroli.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Eleni, mjane wa Mgiriki wa kahawa. Alizaliwa hapahapa Ituri, na alijua kugombana kwa Kiswahili chetu kuliko kwa Kigiriki. Siku ya kwanza hakunionyesha ndege hata kwa mbali. Alinipa funeli na kipande cha ngozi laini, akanipeleka kwenye mapipa ya petroli, akanisimamia nikichuja mpaka jua likatuchoma wote wawili. Petroli inapita kwenye ngozi ile, maji yanabaki juu, na maji yakiingia kwenye injini angani hakuna fundi wa kumwita. Mchana akanionyesha mizani, mizani ileile ya kupimia magunia ya kahawa, akasema kila mtu anayepanda lazima apande kwanza hapo, hata askofu. Niliwapima wake za wakubwa wa mji huu wakiwa wamegeuza uso kutazama mawingu. Mmoja hakunisalimu tena maisha yake yote.

Jioni alinipa mkataba wa bima. Nikaanza ukurasa wa kwanza, kama mtoto mwenye adabu, naye akaufunga.

"Anzia ku mwisho," aliniambia. "Ku mwanzo wanasema watalipa. Ku mwisho njo wanasema wakati gani hawatalipa."

Mkisahau yote ninayoandika hapa, hilo likumbukeni. Bima ya klabu ilikuwa na mafungu matatu. La kwanza lilikuwa la ndege yenyewe, ikivunjika. La pili la watu wa chini na mali zao, ndege ikiwaangukia au ikigonga kitu chao. La tatu la wale waliokaa ndani. Kila fungu lilikuwa na masharti yake: rubani awe na leseni hai na karatasi ya daktari, uwanja uwe unajulikana, uzito uwe umepimwa. Sharti moja lilifunika yote matatu: ndege ya klabu haibebi mtu kwa malipo. Wanachama wanaweza kugawana petroli. Mgeni anaweza kupandishwa bure. Akilipa, safari imekuwa biashara, bima inajitoa, na hasara yote inabaki juu ya rubani, akiwa hai au akiwa amekufa.

Malipo tuliyajua, au tulidhani tunayajua. Yule mwanachama wa Mongbwalu alikuwa kila wiki anapandisha binamu mpya wenye mifuko mizito, mpaka siku moja Mama Eleni akamuuliza kwa upole baba yake alizaliwa na ndugu wangapi. Binamu wakapungua. Hayo ndiyo tuliyoyaita malipo: pesa inayotoka mfuko huu na kuingia mfuko ule.

Mama Eleni aliondoka katikati ya miaka ile ya sabini, akaniachia mizani na ile ngozi. Kesi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa ya ng'ombe. Ndege yetu moja ilikuwa inatua Djugu, vilimani kaskazini ya hapa, ng'ombe akavuka uwanja, gurudumu likamvunja mgongo. Mwenye ng'ombe alikuwa Mzee Ngabu, mfugaji mrefu mkavu, mtu wa kanisa, ambaye alinisikiliza nikieleza fungu la pili mpaka mwisho. Niliandika kwamba ni ng'ombe wa maziwa, maana ng'ombe wa maziwa analipwa vizuri. Nilipomsomea, akanizuia. Alisema yule ng'ombe alikuwa ameacha kukamuliwa muda mrefu, nifute. Nilimweleza kwamba mtu wa bima hatamkamua ng'ombe aliyekwisha kuliwa. Hakucheka. Nikafuta.

Bima ililipa. Mzee Ngabu alipokea kwa mikono miwili, na tangu siku ile akawa ananiletea salamu kwa kila dereva wa lori aliyetoka Djugu.

Rubani wa siku ile ya ng'ombe alikuwa Mbusa. Nimekuwa namzunguka tangu nilipoanza kuandika, sasa lazima nimseme. Mbusa alikuwa mfanyabiashara wa kahawa, jirani yangu Mbunya, rafiki yangu. Alikuwa na sauti kubwa na mikono ya polepole. Kila mara kabla ya kupanda alitoa petroli kidogo kwenye glasi, akaiinua kwenye mwanga kutafuta maji, halafu akanipa na mimi niitazame, ingawa mimi ndiye niliyeichuja. Nilikuwa naudhika. Sasa ningetoa chochote niudhike tena hivyo.

Ilikuwa msimu wa mvua, miaka ya themanini ilikuwa imeshaanza. Barabara ya Djugu ilikuwa imekatika, malori yamelala kwenye matope. Mzee Ngabu alifika klabuni kwa miguu sehemu kubwa ya njia, amelowa mpaka kofia, na nyuma yake mbuzi jike mweusi kwenye kamba. Binti yake Mave alikuwa na mimba iliyomletea ugonjwa, miguu imevimba, macho hayaoni vizuri, na muuguzi wa kule alisema asipofika hospitali ya Bunia hatapona. Mave alikuwa amefiwa na mume miezi michache tu iliyopita, ana watoto wawili, wote wanaishi kwa babu yao.

Mbusa hakumwacha amalize. Alisema kesho asubuhi ukungu ukipanda kidogo ataruka. Ndipo mzee akaweka kamba ya mbuzi mkononi mwake. Mbusa alicheka, akasema haina lazima, akamwona mzee anavyomtazama, akaacha kucheka. Akashukuru. Akampeleka mbuzi nyumbani kwa mke wake Kavira, naye akamfunga nyuma ya jiko.

Nilikuwa nimesimama pale. Nataka mwelewe jambo hili vizuri, ninyi mnaosoma mikataba sasa kwa haraka. Hakuna mtu mle ndani aliyeona malipo. Kwetu mtu anayemkabidhi mwingine mtoto wake haendi mikono mitupu, na anayekataa anachopewa amekutukana mbele ya watu. Hata Mama Eleni, na ukali wake wote, alipokea kuku maisha yake yote.

Asubuhi mzee aliruka na Mbusa kwenda kumchukua binti. Kutoka Djugu kurudi uzito haukuruhusu zaidi ya Mave na muuguzi, lakini muuguzi alibaki kwa sababu kulikuwa na mgonjwa mwingine, na mzee alibaki na wajukuu. Wakapanda wawili tu. Kwenye fonia, redio yetu ya mawasiliano, mtu wa Djugu aliniambia wameshaondoka. Nilitoka nje kusikiliza, kama nilivyozoea. Ukungu ulikuwa umerudi juu ya vilima, mnene, na mbwa wa jirani alikuwa anabweka. Nilisimama pale mpaka fonia ikaanza kuniita tena, kuuliza kama wamefika.

Watu waliokuwa wanapalilia waliwakuta wamekufa kwenye ubavu wa kilima. Mbusa alikuwa bado amefunga mkanda. Mave alikuwa amejifunika kitenge usoni, nadhani kwa kuogopa. Niliwatambua mimi, ndiyo ilikuwa kazi ya mwandishi, na nilipofika kwa Kavira nikakaa tu chini kwenye mlango wake mpaka akaelewa.

Mkaguzi wa bima alikuja kutoka Kinshasa, amevaa abakosi ya kijivu, ile suti isiyo na tai, mtu wa adabu kabisa. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mtu mbaya, ingenisaidia. Alikagua leseni, ikawa hai. Alikagua karatasi ya uzito, petroli, hali ya injini. Kila kitu kilikuwa sawa, na alisema hivyo bila kusita. Halafu tukaenda kumpa pole Kavira. Wanawake wa kilio wakamletea kahawa, na nyuma ya jiko mbuzi akalia. Mkaguzi akauliza tu, kama mtu anayetafuta mazungumzo, ni wa nani. Mwanamke mmoja akamjibu kwa fahari, maana ilikuwa heshima ya marehemu:

"Hiyo njo mbuzi ya muzee wa Djugu. Alileta juu ya kubeba mutoto wake."

Nilimtafsiria, kwa kuwa alijua Kiswahili kidogo na alikuwa ameshasikia neno mbuzi na neno kubeba. Akaacha kukoroga kahawa.

Tulipotoka alinieleza kwa Kifaransa cha polepole. Kitu kilichotolewa baada ya safari, bila mapatano, ni shukrani, na shukrani haimhusu mtu wa bima. Kilichotolewa kabla ni bei. Kwamba ni mbuzi na si noti hakubadilishi kitu. Aliyetoa ndiye anayejua, kwa hiyo atamuuliza mzee mwenyewe. Halafu akasema kesho ana shughuli nyingine mjini, ataenda Djugu keshokutwa. Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akaingia kwenye gari.

Nilielewa nimepewa siku moja. Nilipanda lori la kwanza lililothubutu barabara ile, na sehemu zilizoshindikana nikatembea. Nilimkuta Mzee Ngabu amekaa mbele ya nyumba, wale watoto wawili wa Mave wamelala kwenye mkeka ubavuni mwake. Nilimweleza fungu la tatu kama nilivyomweleza zamani fungu la pili. Akisema mbuzi alikuja kabla, bima haitalipa chochote: si kwa watoto hawa, si kwa nyumba ya Mbusa. Hata hasara ya Mave itamwangukia Mbusa aliyekufa, yaani Kavira. Akisema alikuja baada, au nyuma kama tunavyosema kwetu, wote watasaidika. Sikumwambia aseme nini. Nilimwambia kila jibu lina uzito gani.

Aliwafunika watoto miguu, halafu akanigeukia.

"Nyuma ya nini?" akauliza. "Weye unataka niseme nililetea Mbusa mbuzi nyuma ya kilio?"

Nikatazama wale watoto kwenye mkeka.

"Mutoto wangu hakupanda sawa muzigo," alisema. "Alitoka kwangu na heshima. Nikisema nilitoa nyuma, ni kusema asubuhi ile nilimutupa mu ndege bure, sawa mutu asiyekuwa na baba. Hapana."

Mkaguzi alipofika, aliuliza swali lake moja. Mzee alimjibu akiwa amesimama, kofia mkononi, kwamba mbuzi alitangulia siku moja kabla ya safari, na kwamba ni mbuzi jike, tena mzuri. Nilitafsiri. Mkaguzi alimshukuru, akampa mkono, tukarudi Bunia.

Jibu lilipokuja kutoka Kinshasa lilikuwa fupi. Kwa ng'ombe aliyeacha kukamuliwa walikuwa wamelipa. Kwa Mave hawakulipa.

Sasa ikabaki ile sentensi niliyowaambia, kwamba hasara inabaki juu ya rubani. Mbusa alikuwa ameacha kahawa kidogo kwenye ghala na nyumba ya matofali Mbunya ambamo Kavira na watoto wake walilala. Wakili mmoja wa mjini alimtafuta Mzee Ngabu akamwambia ana haki ya ile nyumba, na kwa sheria alikuwa na haki, mimi mwenyewe nilisoma. Ndugu zake mzee walimsukuma. Walisema wajukuu watakula nini, heshima? Kavira alianza kufunga vyombo kabla hata hajaitwa popote. Nilikuwa napita kwake kila jioni na kila jioni nilikuta kitu kingine kimefungwa kwenye magunia.

Mzee alikuja mwanzo wa kiangazi, peke yake. Kavira aliniita nikae nao, aliogopa. Hakumpa hata nafasi ya kunywa maji. Alikwenda nyuma ya jiko, akamleta yule mbuzi mweusi, ambaye hakuna aliyekuwa amethubutu kumchinja, akamtilia mzee kamba mkononi. Alisema kama ni mbuzi huyu aliyeharibu yote, basi amchukue, na nyumba wataondoka mwisho wa mwezi.

Mzee alishika kamba, akaitazama, akairudisha mkononi mwa Kavira.

"Mama, hii nilipatia bwana yako juu alikubali kubeba mutoto wangu," alisema. "Alimubeba mupaka pale yeye mwenyewe alifika. Hana deni na mimi. Fungua magunia."

Halafu akaomba maji, akanywa, akarudi Djugu. Wajukuu aliwalea kwa ng'ombe wake, mmoja baada ya mwingine wakauzwa kwa ajili ya shule, na kila nikisikia ameuza mwingine moyo uliniuma.

Klabu ilinunua ndege nyingine, na wanachama wakaniambia niandike tangazo. Niliandika kwa Kifaransa, Kiswahili na Lingala, nikalipigilia mlangoni: hakuna mwanachama wala mfanyakazi atakayepokea kitu chochote kabla ya safari. Baada ya safari, Mungu awabariki. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna aliyenifundisha na ambayo niliichukia mpaka mwisho. Mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni alikuja na mayai kwenye kikapu, akayapanga mezani pangu, na mimi nikayarudisha kikapuni moja moja huku ananitazama. Hakuelewa bima. Alielewa kwamba mkono wake umekataliwa. Mjini wakaanza kusema watu wa ndege wamekuwa na kiburi. Na wengi walipopona hawakurudi na kitu, kwa nini warudi? Walikuwa wameshakataliwa mara moja.

Miaka ilipita. Kabla kidogo ya kustaafu kwangu fonia ya Djugu iliita: mgonjwa, mzee, tumbo limejaa, hawezi lori. Daktari mmoja mwanachama wetu ndiye aliyekuwa na zamu, nami niliomba kwenda naye, kwa sababu nilikuwa nimesikia jina. Nilikwenda na mizani ndogo. Tulimkuta Mzee Ngabu kwenye machela pembeni mwa uwanja, na wanawe wawili wakubwa, na mmoja wao ameshika kamba ya mbuzi.

Tulimkalisha kwenye kiti juu ya mizani. Mtu mrefu vile, alikuwa mwepesi mpaka nikapima mara ya pili. Kijana akaninyoshea kamba.

Nimefanya kazi ile miaka yangu yote na sijapata kuona mkono wangu mzito vile. Nilisema siwezi kupokea. Kijana akakunja uso, akaanza kuniambia kwamba baba yake si ombaomba, na nilijua kila neno lililokuwa linakuja, nilikuwa nimelisikia zamani mbele ya nyumba yao. Lakini mzee aliinua kidole kutoka kwenye kiti.

"Mumuache," alisema, sauti ndogo. "Huyu iko anachunga watoto ya rubani. Murudishe mbuzi nyumbani."

Tukamlaza tena kwenye machela ndani ya ndege, nikamfunga mkanda mwenyewe. Karibu na sikio langu akasema, "Leo niko muzigo, mwandishi." Sijui kama alikuwa anatania. Njia nzima nilikaa nyuma yake nimeshika machela, tukapita juu ya kile kilima, na mimi nililia bila kujificha, injini ilikuwa inapiga kelele.

Alifia hospitalini wiki ileile. Lori lilimrudisha Djugu, na mimi nilikwenda kumzika, nikarudi kumalizia siku zangu za kazi.

Siku niliyokuwa nakusanya vitu vyangu kwenye kibanda, wale vijana wawili walisimama mlangoni, chini ya tangazo langu. Nywele zao zilikuwa zimenyolewa kwa msiba. Mkubwa alikuwa na mbuzi, yuleyule niliyemkataa.

"Muzee alisema tulete nyuma ya safari," alisema. "Ya rubani."

Daktari, rubani wa baba yao, alikuwa angani siku ile. Nikatoka nje, nikapokea kamba kwa mikono miwili.